Nimekariri maneno 1,600 ya Kiingereza, mbona mtihani bado unanishinda?

“Mwalimu, nina umri wa miaka 41 na najiandaa kwa mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamivu. Sehemu ya Kiingereza ndiyo inayonitisha, hasa maswali ya msamiati. Nilipakua orodha ya maneno magumu 3,500, nikajipangia maneno 50 kwa siku: Kiingereza upande huu wa ukurasa, maana ya Kiswahili upande ule. Kwa siku 32 sijaruka hata moja, kwa hiyo nimefika neno la 1,600. Nikifungua daftari nayajua karibu yote. Lakini juzi nilijipima kwa maswali 20 ya mtihani uliopita nikapata 9. Majibu yote manne yalionekana kuwa na maana ileile! Zimebaki wiki 11. Niongeze kasi nimalize orodha? Nitafute orodha nyingine? Nitupe Kiswahili kabisa na kuanza kufikiri kwa Kiingereza tu, kama rafiki yangu anavyonishauri? Au umri umeshanipita?”

Pole kwa hizo alama 9, na hongera kwa siku 32. Hongera hiyo naitoa kwa dhati, kwa sababu nidhamu ya kukaa na daftari kila siku ndiyo kitu ambacho mwalimu hawezi kumpa mwanafunzi. Mengine yote yanafundishika. Nikikusoma vizuri, kinachokuuma ni kwamba maneno unayajua ukiwa nyumbani, halafu yanakukana mbele ya mtihani, na hujui kosa liko wapi: kwenye kichwa chako, kwenye orodha au kwenye Kiswahili.

Umri kwanza, ili tuuweke kando. Ni kweli kwamba wepesi wa kukariri vitu vipya visivyohusiana hupungua kidogo kadiri miaka inavyosonga. Lakini msamiati ni miongoni mwa mambo yanayoendelea kukua hata mtu akishafika umri wa makamo, kwa kuwa neno jipya hujishikiza kwenye maarifa yaliyokwisha kuwapo. Wewe uliyemaliza masomo ya chuo na kusoma maandishi mengi ya fani yako una vigingi vingi vya kutundikia neno kuliko kijana wa miaka 22. Bahati mbaya ni kwamba umekuwa ukisoma kwa njia isiyotumia hivyo vigingi hata kimoja. Orodha inaleta maneno 50 yasiyojuana, yakiwa uchi, na kukuomba uyabebe mikononi.

Sasa hilo la majibu manne yenye “maana ileile”. Hapa ndipo penye jibu lako, na nitakaa hapa kidogo.

Sijaliona daftari lako, lakini nimeona mengi ya namna hiyo, na karibu kila moja lina kurasa zinazosema hivi: “alleviate” ni kupunguza. “Mitigate” ni kupunguza. “Curtail”, kupunguza. “Diminish”, kupunguza. “Abate”, kupungua. “Dwindle”, kupungua. Maneno sita, na mwenye daftari anayakariri yote kwa bidii, akijipima anapata sita kwa sita. Kisha anakutana na swali kama hili:

“The nurse gave him an injection to ______ the pain.” Majibu: “alleviate”, “curtail”, “dwindle”, “abridge”.

Kwa daftari lile, matatu ya mwanzo yote ni kupunguza, na la nne, “abridge”, ni kufupisha, ambako nako ni kupunguza kwa namna fulani. Mtahiniwa anabahatisha. Lakini angekuwa ameyajua maneno haya pamoja na majirani zake, yaani maneno yanayoandamana nayo, swali lingekwisha kwa sekunde tano. Kinacho-“alleviate” ni dawa, msaada, faraja, na kinachopunguzwa ni maumivu, dhiki, umaskini. “Curtail” ni kubana kwa uamuzi: serikali inabana matumizi, sheria inabana uhuru, mgeni anakatiza ziara. “Abridge” ni ya maandishi: kitabu kirefu kinatolewa kwa muhtasari. Na “dwindle” haiwezi kabisa kukaa mbele ya “the pain”, kwa sababu haibebi yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Akiba huisha kidogo kidogo yenyewe, huwezi ku-“dwindle” kitu.

Tazama jambo la ajabu hapo. Kiswahili kinaijua tofauti hiyo ya mwisho kuliko hata Kiingereza chenyewe. Sisi tuna “pungua” na “punguza”, na mtoto wa miaka mitatu hachanganyi. Kiingereza mara nyingi hakionyeshi tofauti hiyo kwa umbo la neno, ndiyo maana inabidi uijue kwa kila kitenzi: “dwindle” ni pungua peke yake, “alleviate” ni punguza peke yake, “diminish” ni vyote viwili, “abate” kwa kawaida ni pungua, kama upepo au dhoruba inavyotulia. Ungeandika tu herufi hiyo moja ya ziada kwa uangalifu, baadhi ya maswali uliyokosa yangekuwa yako.

Kwa hiyo rafiki yako anakushauri kutupa kitu ambacho ni mali. Ushauri wa “fikiri kwa Kiingereza tu” una nafasi yake kwa anayejifunza kuzungumza, lakini kwa mtu mwenye wiki 11 na mtihani wa kuchagua majibu, Kiswahili ndicho kipimo chako kikali zaidi cha maana. Tatizo la daftari lako ni kwamba Kiswahili ulichokiandika ni kikavu. Neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza ni umaskini wa kujitakia, maana sisi wenyewe hatusemi hivyo. Tunasema kutuliza maumivu, kubana matumizi, kufupisha hotuba, kupunguza makali ya hasara, upepo umetulia, akiba inayoyoma. Hayo ndiyo tafsiri. Andika “alleviate: tuliza maumivu, ondolea dhiki”, “mitigate: punguza makali ya madhara au hatari”, “dwindle: yoyoma”. Kila moja limepata uso wake, na huwezi tena kuyachanganya.

Jambo la pili ambalo tafsiri kavu hulificha ni hisia ya neno. “Thrifty”, “frugal”, “stingy” na “parsimonious” yote yanamhusu mtu asiyetoa fedha ovyo. La kwanza ni sifa. La pili halina ubaya, na mara nyingi ni sifa pia. La tatu na la nne ni bahili na mchoyo, na la nne ni la maandishi mazito. Sentensi ya mtihani ikimsifu mtu, mawili yanaanguka hapohapo. Kando ya kila neno linalomhusu mtu au tabia weka alama ya kujumlisha au kutoa. Ni kazi ya sekunde moja, lakini nimeona watahiniwa wakipata maswali mazima kwa alama hiyo tu, huku maana kamili wameshaisahau.

Swali lako la kasi linahusu kumbukumbu, na hapa kuna dhana nyingine ya kurekebisha. Unasema ukifungua daftari unayajua karibu yote. Kulitambua neno ambalo tafsiri yake iko sentimita sita pembeni ni jambo moja, kulikumbuka pasipo msaada ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi za kusoma. Baadhi walizisoma tena, wengine wakazifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikuwa mbele, tena kwa tofauti kubwa. Kusoma tena kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo haidumu hadi siku ya mtihani.

Muda nao una sheria yake. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana yoyote na kujipima baada ya muda mbalimbali. Siku moja baadaye alihitaji kama theluthi mbili ya juhudi ya mwanzo ili ajifunze upya. Sehemu kubwa ya usahaulifu ilitokea katika saa za mwanzo, kisha ikapoa. Maneno yenye maana hudumu kuliko silabi zake, lakini mwenendo ni huohuo, na dawa yake inajulikana: kulirudia neno pale linapokaribia kupotea, kisha kuliacha kwa muda mrefu zaidi, kisha mrefu zaidi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kila neno unalirudia mara 5: siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 16 na ya 35 baada ya kujifunza. Ukiingiza maneno mapya 50 kila siku, baada ya siku ya 35 utakuwa unakutana na mapya 50 na marudio 250, jumla 300 kwa siku. Kwa sekunde 20 kila neno, hizo ni dakika 100, na neno jipya linataka zaidi ya sekunde 20. Hakuna mwenye kazi na familia anayeweza kuendelea hivyo. Ndiyo maana wanaosoma 50 kwa siku huacha marudio na kubaki wanasonga mbele, wakijaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ukiingiza maneno 15, jumla ni 90, yaani nusu saa hivi. Hiyo inawezekana.

Basi usiongeze kasi, ipunguze. Najua inatisha kusikia hivyo huku kalenda inakimbia. Kwa maneno 15 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 8, utapata 720. Mimi ningeingia kwenye chumba cha mtihani na maneno 720 ninayoyajua pamoja na majirani, hisia na sarufi yake kuliko 3,500 ninayoyatambua kwa sura.

Maneno gani basi? Swali la orodha ni la haki, maana orodha si sawa zote. Mwaka 2000 mtafiti wa msamiati Averil Coxhead alichapisha orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotokana na matini za vyuo vikuu zenye jumla ya maneno milioni 3.5, kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi. Aliacha yale 2,000 hivi ya kawaida sana ambayo Michael West aliyakusanya mwaka 1953, akabaki na familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na nduguze wa mzizi mmoja), katika makundi 10. Familia hizo 570 hubeba takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma. Ni kama neno moja kila mstari! “Derive”, “constitute”, “notwithstanding”, “inherent”, “subsequent”: haya hayavutii macho kama yale marefu ya kutisha, lakini ndiyo yanayobeba vifungu vya ufahamu, na mtu asiyeyajua vizuri hupoteza alama pande mbili. Jipime kwa orodha hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Unaweza kugundua kwamba 400 unayajua na 170 unadhani unayajua. Hao 170 ndio wa kwanza.

Baada ya hapo inategemea mtihani wako, na sharti uwe na karatasi zake za nyuma mkononi. Mitihani ya uzamivu hutofautiana sana. Mingine huuliza kisawe cha neno lililopigiwa mstari, mingine sentensi yenye pengo, mingine hupima msamiati ndani ya kifungu tu. Mtihani wa GRE, unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, uliondoa maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno mwaka 2011. Tangu hapo umebaki na sentensi zenye mapengo, pamoja na aina ambayo unapewa majibu sita na kuchagua mawili yanayoipa sentensi maana inayofanana, na ukikosa moja hupati kitu. Orodha nyingi zinazozunguka kwenye intaneti zilitengenezwa kwa mitihani ya zamani, zimejaa maneno ambayo ungekutana nayo mara moja katika maisha. Usitafute orodha nyingine. Ichuje uliyo nayo: maneno yanayotokea kwenye karatasi za nyuma, kwenye maandishi ya fani yako, au mara mbili katika vyanzo tofauti, hayo yabaki. Mengine yafute bila kuyaonea huruma.

Na usiogope ukubwa wa lugha nzima. Paul Nation, naye mtafiti wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma vitabu na magazeti ya Kiingereza bila msaada, huku akikutana na neno geni moja tu katika kila 50, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Ni nyingi, lakini neno “familia” linakupunguzia mzigo. Wewe mzungumzaji wa Kiswahili unajua kwamba soma, msomaji, somo, kisomo na somesha si maneno matano ya kukariri. Kadhalika “analyse”, “analysis”, “analyst” na “analytical” ni familia moja. Ukijifunza neno, jifunze na nduguze siku hiyohiyo, maana mtihani hupenda kukupa nomino wakati wewe ulikariri kitenzi.

Mizizi ya maneno nayo inasaidia, na kwetu si jambo geni. Anayejua elimu, mwalimu, maalumu na ulamaa anasikia mlio mmoja ndani yake hata kama hajasoma Kiarabu. Vivyo hivyo kitabu, katibu na maktaba. Kiingereza kimejaa ukoo wa namna hiyo kutoka Kilatini na Kigiriki: “credible” ni yenye kuaminika, “credulous” ni mwepesi wa kuamini kila kitu, “incredulous” ni asiyesadiki anachokisikia, “credence” ni imani unayokipa kitu. Ukoo mmoja, mzizi wa kuamini. “Loquacious”, “eloquent” na “colloquial” vilevile, mzizi wa kusema. Na ukielewa kwamba baada ya mwaka 1066 watawala wa Uingereza walizungumza Kifaransa, huku Kilatini kikiwa lugha ya kanisa na wasomi, utaona kwa nini lugha hiyo ina “ask”, “question” na “interrogate” kwa tendo moja, kila moja na uzito wake. Sisi tuna uliza, hoji na saili, la kwanza la Kibantu, mawili yanayofuata ya asili ya Kiarabu, na hakuna anayemsaili mtoto kama amekula.

Lakini mzizi ni mwongozo wa njia, usiufanye hakimu. Sisi wenyewe tuliichukua “ki” ya kitabu kama kiambishi, tukapata vitabu, ilhali huko lilikotoka neno silabi hiyo haikuwa kiambishi. Wanafunzi wa Kiingereza hukatakata maneno vivyo hivyo, na watunga mtihani wanajua. “Ped” ya “impede” na “expedite” ni mguu wa Kilatini, “ped” ya “pedagogy” ni mtoto wa Kigiriki. “Enervate” inasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kuziondoa. “Noisome” haina kelele yoyote, ni kitu kinachonuka au kudhuru. “Restive” ni asiyetulia, “meretricious” ni chenye mvuto wa uongo, na “disinterested”, kwa matumizi ambayo mitihani huyatetea, ni asiye na upendeleo. Maneno ya aina hii yaandike kwenye ukurasa wake peke yake. Pia jozi zinazofanana sura: “ingenious” na “ingenuous”, “adverse” na “averse”, “eminent” na “imminent”.

Kuna kundi moja ambalo orodha za maneno magumu hazina kabisa, na ndilo linaloumiza wasomi wazima: maneno mepesi yenye maana ya pili. “Qualify” unaijua kama kufuzu, lakini “he qualified his statement” ni kwamba aliiwekea mipaka kauli yake. “For want of evidence” ni kwa kukosa ushahidi. “Arrest the decline” ni kusimamisha kuporomoka, hakuna polisi hapo. “Interest flagged” ni hamu ililegea. “Sanction” inaweza kuwa ruhusa na inaweza kuwa adhabu, sentensi ndiyo inayoamua. Ukiona kwenye majibu neno la darasa la tano limekaa kati ya maneno matatu ya kutisha, usilipite haraka.

Namna ya kujibu nayo inafanyiwa mazoezi. Kosa la kawaida ni kuruka moja kwa moja kwenye majibu na kuyapima moja moja, kila moja likijitetea. Fanya kinyume: funika majibu kwa kiganja, soma sentensi, jaza pengo kwa Kiswahili chako mwenyewe, ndipo ufunue. Chukua hii: “Although the professor was known for her ______ replies, her letter ran to four pages.” Neno “although” limekuambia kwamba nusu mbili zinapingana. Barua ilikuwa ndefu, basi majibu yake kwa kawaida ni ya mkato. Ukishasema “ya mkato” moyoni, ukifunua na kuona “lucid”, “verbose”, “cordial” na “laconic”, mkono unakwenda wenyewe kwenye “laconic”. Bila hatua hiyo, “lucid” na “cordial” zinashawishi, maana maprofesa wengi kweli huwa wazi na wakarimu. Jizoeshe kuwinda maneno ya kugeuza: “although”, “despite”, “far from”, “nonetheless”, “hardly”. Hata nukta mbili ni ishara, kwa kuwa kinachofuata mara nyingi hufafanua kilichotangulia. Na angalia kanuni ya alama: mtihani usiokata alama kwa jibu baya, usiache swali hata moja wazi. Unaokata, jibu pale tu ulipoweza kuondoa mawili.

Hivi ndivyo ningezitumia wiki zako. Ya kwanza, usijifunze neno jipya hata moja. Jipime yale 1,600 kwa kufunika Kiswahili, na kwa kila unaloliweza jiulize kama unaweza kulitungia sentensi. Utakayoyaweza, yapige mstari, yamekwisha. Mengine yaandike upya kwenye kadi, upande mmoja sentensi ya Kiingereza yenye pengo, upande wa pili neno, tafsiri yenye jirani yake na alama ya hisia. Sentensi ichukue kwenye kamusi nzuri ya wanaojifunza Kiingereza, si kwenye mtambo wa kutafsiri. Wiki 8 zinazofuata ni zile 15 kwa siku, ukianza na ya kitaaluma, kwa sababu maneno ya wiki za mwisho hayatafikia rudio la siku ya 35 kabla ya mtihani. Kila Jumamosi maswali 20 ya karatasi za nyuma, ukijipimia muda. Wiki 2 za mwisho ni marudio na karatasi nzima tu.

Kadi za karatasi au programu ya simu? Programu inakupangia siku za kurudia na hiyo ni nafuu kubwa, lakini kadi unazopakua zikiwa zimeshaandikwa na mwingine hukurudisha kulekule kwenye tafsiri kavu. Kutengeneza kadi mwenyewe ndiyo nusu ya kujifunza. Vilevile kila siku chagua maneno mawili uyatungie sentensi kuhusu utafiti unaotaka kuufanya. “Previous studies have not adequately accounted for...” Ukifika kuandika pendekezo lako la utafiti, utakuwa tayari na akiba ya sentensi.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyatatua. Kama unasoma kifungu ambacho kila neno unalijua na bado hukipati kinachosema, tatizo liko kwenye muundo wa sentensi ndefu za Kiingereza. Hapo kadi hazitasaidia, unahitaji mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, hata kwa vipindi vinne vitano, mkizifungua sentensi pamoja. Kama alama zako za Jumamosi hazijasogea baada ya wiki 4 za kufuata mpango huu, mtafute pia. Kama herufi zinafifia au kichwa kinauma ukisoma karibu, muone daktari wa macho, kwani kupungua kwa uoni wa karibu huanza kwa wengi baada ya miaka 40, na watu hulaumu kumbukumbu wakati wanachohitaji ni miwani. Ikiwa tangu utotoni kusoma kumekuwa kwa tabu kuliko kwa wenzako katika lugha yoyote, omba kupimwa na mtaalamu, kwa sababu mitihani mingine hutoa muda wa ziada kwa mwenye uthibitisho. Na ikiwa hofu ya mtihani inakunyima usingizi usiku baada ya usiku, zungumza na mshauri nasaha au daktari sasa, usingoje wiki ya mwisho.

Ukienda kwa mwalimu, usimpelekee orodha. Mpelekee yale maswali 11 uliyoyakosa juzi, na kando ya kila moja uwe umeandika ulichagua nini, kwa nini, na kosa lilikuwa la aina gani: hukulijua neno, ulilijua bila majirani zake, ulikosea hisia, ulidanganywa na sura, au hukuiona “although”. Anza na hiyo leo jioni, kabla ya kugusa neno la 1,601.